Kusafisha tangi la mafuta: sabuni, mnyororo, siki au tangi jingine?

Mvua ndefu zikikatika, kuanzia Juni hivi, pampu za maji huanza kuletwa kwangu hapa Kisumu moja baada ya nyingine. Zinatoka Ahero, zinatoka kwa wakulima wa mboga wanaovuta maji Mto Nyando, nyingine zinatoka mpaka Siaya. Zilifungiwa stoo mwezi Machi mvua ilipoanza, petroli ikiwa nusu tangi, na sasa sukuma inanyauka na mashine haitaki kuwaka. Mwenyewe amevuta kamba mpaka bega linamuuma, amenunua plagi mpya, na jirani ameshamwambia kabureta imekufa.

"Fundi, hii mashine imenikatalia kabisa," mama mmoja aliniambia msimu huu, akisaidiwa kuishusha kwenye boda.

"Pole, mama. Mafuta yaliyomo uliyaweka lini?"

"Yalibaki ya msimu uliopita. Nikaona nisiyamwage, si petroli ni ghali?"

Ni ghali kweli, na simlaumu. Lakini kabureta yake, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haikuwa imekufa. Ilikuwa imejaa kutu iliyoshuka kutoka kwenye tangi. Ningesafisha kabureta peke yake, angeondoka na mashine inayonguruma vizuri, na baada ya siku nne angerudi na shida ile ile akiamini nimekula pesa yake bure. Mashine ndogo nyingi zinazorudi kwa fundi mara ya pili zinarudishwa na tangi na mipira ya mafuta. Injini yenyewe huwa haina kosa.

Njia za kusafisha ni nyingi na kila fundi ana yake. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyochagua: mwenye asidi karibu anatumia asidi, mwenye kokoto anatumia kokoto, asiye na kitu anasuuza na petroli na kufunga. Inafaa mambo mawili yaamue: tangi limetengenezwa kwa kitu gani, na uchafu uliomo ni wa aina gani. Hapa chini nazilinganisha njia ninazozijua kwa mikono yangu, na nitasema wazi ni ipi ningechagua na ipi nimeiacha kabisa.

Kwanza uone kilichomo

Mwaga mafuta yote kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi. Ile ya jamu inatosha. Iweke kivulini, mbali na moto, uiache dakika kumi, halafu uiinue kwenye mwanga uitazame kwa makini.

Chini kabisa utaona maji, kama yapo. Hukaa kama shanga. Ukiinamisha chupa yanateleza pamoja kwenda upande mmoja bila kuchanganyika na petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, na koki ya tangi iko chini, kwa hiyo injini huanza kunywa maji kabla ya kufikia mafuta. Huko huko chini utaona vumbi la rangi ya matofali. Ukitikisa linapanda, ukiacha linashuka taratibu: hiyo ni kutu. Halafu itazame petroli yenyewe. Ikiwa imegeuka rangi ya strungi na inanuka kama vanishi ya seremala badala ya petroli, basi imeoza, na ndani ya tangi na kabureta imeacha gundi.

Chupa hiyo ikishakujibu, mulika ndani ya tangi kwa tochi. Kamwe usimulike kwa kiberiti. Nimeona mtu akijaribu. Angalia sehemu ya juu ya tangi, si ya chini tu. Wengi hushangaa kukuta kutu iko juu, mahali ambapo mafuta hayakufika. Sababu ni hewa yetu ya ziwani. Mchana ni joto, usiku panapoa, na tangi linapumua kupitia kitundu cha kifuniko. Hewa yenye unyevu ikiingia na kupoa, unyevu hugeuka matone kwenye bati lililo wazi. Miezi mitatu ya kupumua hivyo inatosha. Ndiyo maana tangi la nusu huoza kuliko lililojaa.

Na wakati uko hapo, kagua hicho kitundu cha kifuniko. Kikiziba, mashine huwaka vizuri, hukimbia dakika kadhaa, halafu huzima kama iliyoishiwa mafuta. Ukifungua kifuniko, inawaka tena. Watu wamefungua matangi mazima kwa sababu ya kitundu kinachozibuliwa na uzi mmoja wa waya.

Kuhusu moto

Sisi wa Bonde la Ufa na Nyanza hatuhitaji kufundishwa petroli hufanya nini. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, mafuta ya lori lililopinduka yaliwaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwenye gereji yako kipimo ni kidogo, lakini kitu ni kile kile. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai. Unatambaa chini mpaka ukute jiko la makaa la mama wa chapati wa pembeni. Na tangi lililotoka kumwagwa sasa hivi ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke umepata hewa ya kuchanganyika nayo. Tangi lililotobolewa na kutu lisipelekwe kwa mchomeleaji eti kwa sababu "halina kitu". Nitalirudia hilo mbele.

Kusuuza kwa petroli au kuosha kwa maji ya moto na sabuni

Kusuuza kwa petroli ndiyo njia ya kila mtu. Unatia nusu lita, unatikisa, unamwaga, unarudia mara mbili tatu. Uzuri wake ni kwamba hakuna kukausha: ukimaliza unafunga na kuwasha. Kwa mchanga na vumbi jepesi inatosha, na kwa tangi la plastiki lililoingia takataka wakati wa kujazwa kutoka kwenye mtungi, sina pingamizi nayo.

Lakini petroli haiyeyushi maji, haing'oi kutu, na gundi iliyokauka inailainisha nusu nusu tu. Kibaya zaidi, inalegeza kutu bila kuitoa yote, na iliyolegea inakuja kuteremka wiki ijayo. Halafu hesabu pesa. Kwa bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, lita moja na nusu ya kusuuzia tu si kitu cha kutupa.

Maji ya moto na sabuni yanaonekana kama kazi ya jikoni, na labda ndiyo sababu mafundi wanayadharau. Mimi ndiyo hatua yangu ya kwanza karibu kila mara. Ng'oa tangi, toa koki na chujio lake, ziba matundu, tia maji ya moto na kijiko cha sabuni ya unga au sabuni ya maji ya vyombo. Kwa tangi la plastiki yawe ya moto unaostahimilika kwa mkono, yasiwe ya kuchemka. Acha nusu saa, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila utando wa mafuta juu.

Faida yake kubwa ni ile isiyoonekana: sabuni inaondoa utando wa mafuta. Kama tangi limetumia petroli iliyochanganywa na oili, kama la msumeno wa mnyororo au injini ya boti, kutu imefunikwa na oili na hakuna siki itakayoifikia mpaka sabuni ipite kwanza. Pia mvuke wa petroli unapungua sana, na kazi zinazofuata zinakuwa salama zaidi. Kasoro yake ni kwamba chuma kilichoachwa kikiwa kimelowa hurudisha kutu siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na muda wa kukausha vizuri ni heri asuuze kwa petroli.

Gundi ya petroli iliyooza, ile inayong'aa kama rangi ya kahawia iliyokauka, sabuni haiitoi. Kwenye tangi la chuma thina ya rangi inaiyeyusha. Ichunge isidondoke nje, kwa sababu itaondoa na rangi ya tangi, na isiguse plastiki wala mpira.

Mnyororo au kokoto

Kutu nene inayobanduka magamba inahitaji kukwaruzwa. Kwa desturi tunatia kokoto au nati na kutikisa. Kokoto hukwaruza vizuri, hilo sikatai, lakini husagika na kuacha vumbi, na daima kuna moja inayojificha nyuma ya ukuta wa ndani wa tangi. Nati ni nzuri zaidi kwa vile hazisagiki, ila lazima uzihesabu zikiingia na uzihesabu zikitoka.

Mnyororo wa baiskeli uliochakaa unazishinda zote mbili. Uoshe kwanza utoke grisi, uukate kipande cha urefu wa mkono, uutie, uache ncha moja nje umeifunga waya. Unatikisa, unavuta, unatoka mzima. Pembe zake zinafika mahali nati haifiki.

Jambo moja hapa nalishikilia sana: usitikise chuma ndani ya tangi la chuma pamoja na petroli. Chuma kikigonga chuma hutoa cheche. Tia maji ya sabuni pamoja na mnyororo. Yanakwaruza vilevile na yanabeba uchafu nje. Na tangi la plastiki lisiguswe na kokoto wala mnyororo. Halina kutu ya kukwaruzwa, na mikwaruzo utakayoiacha itakuwa makao ya uchafu.

Siki, asidi ya sitriki, malimau

Hapa ndipo kutu inapokwisha kweli. Siki nyeupe ya dukani ina asidi ya asetiki kama asilimia 4 hadi 5. Ni kali ya kutosha kuila kutu na ni pole ya kutosha kukupa muda wa kulala. Tangi la pampu ya Honda GX160, na zile za Kichina zilizoigwa kutoka kwayo, huchukua lita 3.1, kwa hiyo chupa chache zinalijaza. Nasema kulijaza kwa sababu ndipo wengi wanapokosea: wanatia robo na kutikisa. Sehemu isiyofunikwa haisafishwi, na ule mstari ambapo siki inakutana na hewa huliwa zaidi na kuacha alama. Jaza mpaka shingoni, acha usiku kucha, asubuhi angalia. Kama bado, acha mpaka saa 24, hata saa 48 kwa kutu ngumu, huku ukikagua.

Asidi ya sitriki ni unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za kutengenezea sabuni na juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto. Inafanya kazi upesi kuliko siki, hasa maji yakiwa ya moto, hainuki, na kwa tangi kubwa la pikipiki gharama yake inakuwa ndogo kuliko chupa nyingi za siki. Kama nina kazi ya tangi la pikipiki ya Boxer natumia sitriki. Kama ni tangi dogo la pampu na mteja anakaa mbali na mjini, namwambia anunue siki, kwa kuwa inapatikana kila duka.

Malimau? Asidi ni ile ile ya sitriki, na hapa kwetu nimeulizwa mara nyingi. Lakini limau moja hutoa mililita 30 hadi 45 za maji. Kujaza lita 3.1 utakamua malimau 70 hadi 100, halafu uanze kutoa nyuzi na mbegu ndani ya tangi. Yaache ya samaki. Coca-Cola nayo ina asidi ya fosforiki, ndiyo sababu huonekana kung'arisha msumari, ila ni hafifu kwa kutu ya tangi na inakuachia sukari inayonata. Sukari usiipeleke karibu na kabureta.

Baada ya siki au sitriki, asidi iliyobaki lazima iuawe, la sivyo chuma kinaanza kutu kabla hujafika nyumbani. Kwa hili tuna kitu cha karibu sana: magadi, yale yale ya kupikia mboga za kienyeji, yanayouzwa kwa vijiko soko la Kibuye. Kijiko kimoja au viwili kwenye lita ya maji ya uvuguvugu, suuza, mwaga, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Mara ya kwanza yatatoa povu. Yakiacha kutoa povu, asidi imekwisha.

Tahadhari moja: hizi asidi ni za tangi la chuma. Kabureta ni ya aluminiamu au zinki, na ukiilaza kwenye siki usiku mzima utaikuta imeungua na kuwa nyeusi, nyuso zake zimeliwa. Magadi nayo hayafai kwa aluminiamu.

Asidi ya betri

Ninaiweka peke yake kwa sababu niliitumia na nikajuta.

Miaka yangu ya mwanzo ya ufundi niliona wakubwa wakitia asidi ya betri kwenye matangi. Ni kweli inakata kutu kwa kasi ambayo siki haiwezi kuikaribia. Niliitia kwenye tangi la jenereta ndogo, kabla ya saa moja ndani kukang'aa kama sufuria mpya, na nikajiona fundi hasa. Baada ya wiki mbili mwenyewe alirudi. Hakunigombeza. Aliliweka tangi mezani, akapitisha kidole chini ya mshono, akaninusisha. Petroli ilikuwa inavuja kama jasho. Kutu ndiyo iliyokuwa imeziba kitundu kidogo kama ncha ya sindano, nami nilikuwa nimeitoa na kulila bati lililoizunguka mpaka likawa jembamba kama karatasi. Katika jenereta za aina hiyo tangi liko juu ya injini. Tone moja kwenye ekzosi yenye moto lilitosha. Alikuwa akiiwasha usiku kando ya dirisha la chumba cha watoto.

Nilimnunulia tangi jingine. Asidi ya betri, na ile ya kusafishia vyoo, hazijaingia tena kwenye tangi lolote mikononi mwangu. Hazitofautishi kutu na chuma kizima, mvuke wake unachoma mapafu na macho, na kuzisuuza zikaisha kabisa ni kazi. Unachookoa ni usiku mmoja wa kusubiri siki. Haulingani na hatari hiyo.

Umeme wa chaja

Wapo wanaotoa kutu kwa chaja ya betri ya volti 12, na ni njia nzuri kuliko inavyojulikana. Unajaza tangi maji yenye magadi, kijiko kimoja kwa lita, unaning'iniza fimbo ya chuma cha kawaida katikati bila kugusa tangi, unaunganisha hasi kwenye tangi na chanya kwenye fimbo. Kutu inahama baada ya saa kadhaa, na bati zima haliliwi hata ukisahau. Ukibadilisha waya mahali pake, tangi ndilo litakaloliwa, kwa hiyo hakikisha mara mbili.

Mbona basi siitumii kila siku? Inafika tu mahali fimbo "inapoona", kona za nyuma zinabaki. Inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo ni ya nje, peupe, na chaja inazimwa kabla ya kugusa waya. Fimbo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa maana ina kromiamu inayogeuka sumu majini. Na stima ikipotea katikati, unaanza kusubiri. Kwa tangi la pikipiki ya zamani ambalo haliuzwi tena popote, ningeichagua kuliko siki. Kwa pampu, hapana.

Kulisafisha au kununua jingine

Bonyeza bati kwa kidole gumba pale chini kwenye mshono. Likibonyea, au tochi ikiwekwa ndani gizani ukaona nyota kwa nje, acha kusafisha. Kwa pampu na jenereta za aina ya GX160, matangi mapya yanapatikana kwenye maduka mengi ya vipuri. Kwa Boxer kuna ya mitumba kutoka pikipiki zilizovunjwa. Ukinunua la mitumba, nenda na tochi na ile chupa yako.

Kuziba kwa kuchomelea ningekushauri usijaribu hata likiwa limeoshwa. Nimeshasema sababu. Dawa za kupaka ndani nazo zinahitaji tangi kavu na safi kabisa. Zikibanduka baadaye zinashuka kama ngozi na kuziba koki. Nimetoa ngozi hizo kwa kibano mara nyingi kiasi cha kutozipenda tena.

Mipira na koki: hapa usisafishe sana, badilisha

Tangi safi likiunganishwa kwa mpira mchafu ni kazi bure. Kwa mpira maoni yangu ni mafupi: ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine, na Honda wenyewe kwenye kitabu cha GX wanataka ukaguliwe kila miaka 2 na kubadilishwa ikibidi. Ukunje kati ya vidole. Ukionyesha nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, toa. Ukiwa bado mlaini, ukate kipande cha mwisho, ukipasue, upitishe kidole ndani. Kidole kikitoka na unga mweusi, mpira unakatika kwa ndani na huo unga ndio unaokwenda kwenye jeti, kile kijibomba cha shaba ndani ya kabureta kinachopitisha mafuta, ambacho tundu lake halifiki milimita moja. Hakuna kupuliza kutakakoponya mpira unaosagika.

Kuna kushindana kati ya mpira mweusi wa mafuta na ule wa plastiki unaoona ndani. Huo wa kuona ndani unavutia kwa vile unaona mafuta yakipita, na wengine hutumia hata wa dripu ya hospitali. Petroli inanyonya ulaini wake. Baada ya muda unakuwa wa njano, mgumu kama makaroni mabichi, na unachomoka wenyewe kwenye koki. Nunua mweusi ulioandikwa kuwa ni wa mafuta.

Kama mpira ni mzima na una uchafu tu, puliza kwa kompresa, lakini uuchomoe pande zote mbili kwanza. Anayepuliza huku mpira uko kwenye kabureta anasukuma sindano na boya vilivyomo ndani ya kabureta kwa nguvu ambayo havikutengenezewa, na anayepuliza kuelekea tangi bila kutoa koki anaupeleka uchafu wa chujio ndani upya. Mwaga pia maji ya kompresa kabla ya kuanza. Hapa kwetu, kompresa ya siku nzima hutema maji mengi kuliko unavyodhani. Tangi lenyewe usilifunge ukalijaza upepo.

Koki ifungue, toa kikombe chake cha chini na wavu, piga mswaki. Jeti zisidungwe kwa sindano wala waya wa breki. Shaba ni laini na tundu likipanuka mashine itakula mafuta milele. Uzi mmoja wa waya wa stima unatosha.

Watu wa boti mna mpira mrefu wenye pampu ya mkono katikati, na tangi la plastiki lisiloshika kutu. Kwenu kazi kubwa iko kwenye huo mpira. Ukiminya pampu ikawa haigangamali, au mpira ukisinyaa injini ikivuta, usiusafishe. Mvuvi wa Dunga injini ikimzimia katikati ya ziwa, upepo wa alasiri umeanza, hana jirani wa kumsukuma.

Chujio dogo la kati, la aina inayopitisha mafuta kwa mteremko tu, ni mlinzi mzuri baada ya kusafisha. Lile la gari lenye karatasi nene linaweza kuinyima pampu ndogo mafuta.

Kukausha

Wengi wanaharibu kazi hapa, kwa nusu saa ya mwisho. Baada ya maji safi ya mwisho, tia spiriti kidogo, zungusha, mwaga. Inabeba maji yaliyojificha kwenye mshono. Weka juani mdomo ukiangalia chini, kisha upepo. Likiwa kavu, tia petroli vijiko kadhaa iliyochanganywa na oili, zungusha iguse kila upande, mwaga. Utando huo ndio utakaolilinda mpaka ulijaze. Na ukilijaza, lijaze kabisa. Ukilifungia stoo msimu ujao, ama lijae au liwe tupu kavu, na kabureta imwagwe.

Kabla ya kuunganisha mpira kwenye kabureta, fungua koki uache mafuta yatiririke kwenye ile chupa ya jamu. Yaje mfululizo, si kwa matone. Tazama chini ya chupa. Kukiwa na chembe hata kidogo, rudi nyuma hatua moja.

Yule mama nilimwita aje aone. Chupa ya mafuta ya zamani na ya mafuta yaliyotiririka baada ya kusafisha nilizisimamisha pamoja ukutani. Akazitazama muda, akauliza ile petroli ya zamani tutaimwaga wapi, maana huko Nyando mtaro wake unaishia mtoni na yeye ndipo anapovuta maji. Nilifurahi kuulizwa. Huku kwetu mitaro inaishia kwenye mito ya Auji na Kisat, na yote inaishia ziwani. Kwa hiyo petroli iliyooza naiacha itulie kwenye mtungi wa chuma wenye kifuniko, ya juu naichuja kwa kitambaa na kuioshea minyororo na magurudumu ya meno, na ile tope ya chini naifungia kwenye debe bila kuimwaga kwenye mtaro. Siki iliyotumika naichanganya na magadi mpaka iache kutoa povu kabla haijatoka mlangoni.